Mvua za masika na biashara yako Arusha na Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wenye fremu, stoo, mgahawa, genge, karakana au ofisi ndogo katika miji yetu hii miwili. Maswali ni yale yanayozuka kila mwaka mawingu yakianza kukaa mlimani, na mengi huulizwa maji yakiwa tayari mlangoni. Kama unasoma Februari, soma yote kwa utulivu. Kama unasoma Aprili na mvua inanyesha, nenda kwanza kwenye viroba na umeme, mengine utayarudia jua likitoka.

Tunasikia kimbunga Mafia, kimbunga Msumbiji. Kinaweza kufika huku kwetu?

Kimbunga chenyewe, hapana. Kimbunga hupata nguvu kwenye maji ya moto ya bahari, na kikigusa nchi kavu huanza kuishiwa. Sisi tuko zaidi ya kilomita 250 kutoka baharini, Arusha ikiwa kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi. Tena tuko karibu mno na Ikweta, chini ya nyuzi 4 kusini, ambako mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuusokota upepo mpaka ukawa kimbunga. Hata pwani yetu hupigwa kwa nadra: Lindi Aprili 1952, Jobo cha Aprili 2021 ambacho kilififia kabla ya kutua, na Hidaya kilichofika maeneo ya Mafia na Kilwa mwanzoni mwa Mei 2024.

Lakini usiondoke. Kimbunga kikiwa mbali huko baharini huweza kuugeuza upepo unaotuletea unyevu, kwetu likawa jua la siku kadhaa au mvua iliyopitiliza. Na hasara ya ukanda huu haihitaji kimbunga. Tarehe 3 Desemba 2023 pale Katesh, mkoa jirani wa Manyara, tope, mawe na magogo viliteremka kutoka Mlima Hanang vikafukia maduka na nyumba za watu. Waliofariki walizidi 80. Kilichohitajika ni mvua na mlima, na vyote viwili tunavyo.

Basi msimu wetu wa kujiandaa ni upi?

Masika ni Machi hadi Mei, na Aprili ndio mwezi wa kuogopa. Upande wa Moshi hata Mei huwa nzito. Vuli ni Oktoba hadi Desemba, nyepesi kwa kawaida, lakini mwaka wa El Niño hugeuka, kama ilivyokuwa 1997 na tena 2023.

Maandalizi ya masika ni kazi ya Februari. Mtaro bado mkavu, unaweza kuingia na jembe. Fundi wa bati anapatikana, hajaitwa na mtaa mzima. Kwa kawaida ni mwezi huohuo Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa mwelekeo wa msimu kwa kila ukanda. Sisi tumo kwenye nyanda za juu kaskazini mashariki: Arusha, Kilimanjaro na Manyara. Usisome kichwa cha habari cha nchi nzima ukadhani kinakuhusu.

Fremu yangu iko mbali na mto. Kwa nini nihangaike?

Swali hili naomba ulichukulie kwa uzito kuliko mengine yote, kwa sababu wengi wanaopata hasara ni walioamini hivyo.

Waswahili wanasema dalili ya mvua ni mawingu. Kwetu mawingu yenyewe yanaweza kuwa Meru au Kilimanjaro na wewe uko sokoni kwenye jua. Mvua inapiga juu kwenye msitu na mashamba, inakusanyika kwenye Themi, Naura, Kijenge au Ngarenaro kwa Arusha, Karanga au Rau kwa Moshi, halafu inashuka kwa kasi ya mteremko. Korongo ambalo miezi mingi ya mwaka watoto wanachezea mpira linajaa kabla hujamaliza kuhudumia wateja waliosimama mbele yako. Ukitaka kujua kama leo ni siku mbaya, acha kuangalia nje ya mlango wako. Angalia juu, au mpigie mtu anayeishi juu. Kila mfanyabiashara wa mjini anapaswa kuwa na namba ya mtu wa mlimani: Kibosho au Uru kwa mwenye duka Moshi, Sakina ya juu au Ilboru kwa wa Arusha. Ujumbe wa "huku inamwaga tangu saa nane" ni onyo linalofika mapema kuliko chombo chochote utakachonunua.

Halafu kuna maji ambayo mji unajitengenezea wenyewe. Piga hesabu hii. TMA huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 kwa saa 24. Milimita 50 juu ya bati la mita za mraba 100 ni lita 5,000, yaani simtanki kubwa zima kutoka kwenye paa moja la kawaida. Zidisha kwa mapaa ya mtaa wako, ongeza lami na pevingi visivyonywa tone. Zamani maji hayo yalikuwa yanaishia kwenye migomba na kahawa. Sasa yanatafuta mtaro, na mtaro umejaa chupa za plastiki na udongo wa ujenzi. Kalavati likiziba, barabara ndiyo inakuwa mto, na fremu zilizo chini ya usawa wa barabara ndizo zinazopokea. Hapo umbali wako na Themi hausaidii kitu.

Na kwa wenye mashine za kukoboa, stoo za mpunga na maduka ya pembejeo huko Mabogini, Kahe na Arusha Chini: kwenu maji yanaweza kufika mvua ikiwa imeshakatika mjini. Jua kutoka Moshi si habari njema bado. Subirini kwanza yale yaliyonyesha juu yapite.

Nataka kupanga fremu mpya. Nitajuaje kama inaingia maji?

Usimuulize mwenye fremu peke yake. Muulize mama lishe anayepika jirani na hapo, mlinzi wa usiku, fundi cherehani aliyekaa barazani miaka mingi. Kisha tazama kuta kwa nyuma na chooni, kule ambako rangi mpya haikufika: alama ya tope iliyonyooka kama mstari inakuambia maji yalifika wapi. Vitasa na bawaba za chini zilizooza kutu huku za juu ni nzima, na milango iliyovimba chini, nayo ni ushahidi. Angalia pia kama majirani wamejenga kizingiti cha zege mlangoni. Mtu hapotezi saruji yake bure.

Simama mlangoni utazame barabara. Kama unapanda kuifikia, maji yatashuka kukufikia. Na kama mkataba unakuja kabla ya masika, omba uone sehemu hiyo siku moja ya mvua kabla ya kulipa kodi ya miezi sita au mwaka. Mwenye nyumba anayekataa hilo amekujibu.

Jambo jingine ni sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Fremu iliyomo humo ina hatari mbili, maji na bomoabomoa.

TMA wamesema mvua za wastani. Nipumue?

Hapana. "Wastani" ni jumla ya msimu mzima, na msimu wa wastani unaweza kubeba siku moja iliyomwaga robo yake. Mwelekeo wa msimu utumie kupanga mzigo na fedha. Kwa siku hadi siku fuata utabiri wa kila siku na taarifa za hali mbaya ya hewa, ambazo hutoka kwa ngazi: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa.

Ushauri wangu ni upange mapema kila ngazi inamaanisha nini dukani kwako. Angalizo likitoka, bidhaa za chini zinapanda juu na mtaro unasafishwa. Tahadhari ikitoka, viroba vinawekwa kabla ya kufunga jioni na mtu mmoja anabaki na funguo karibu. Tahadhari kubwa ikitoka, haufungui, na hakuna mfanyakazi anayetoka kwake. Andika kwenye karatasi, bandika ukutani nyuma ya kaunta. Usiku wa mvua si wakati wa kuanza kubishana kwenye simu nani afanye nini.

Bidhaa nizipangeje?

Kanuni ni kuinua kila kitu, lakini kila mali ina namna yake ya kufa.

Saruji haihitaji mafuriko, unyevu wa sakafu unatosha. Iweke juu ya paleti au mbao, mbali kidogo na ukuta, funika kwa turubai, na punguza akiba. Kuelekea Aprili ni heri kuagiza mara nyingi kidogo kidogo kuliko kujaza stoo. Mahindi, maharage na mchele vinaoza kwa siri: gunia la chini linavuta maji, la juu linaonekana zuri, na baada ya wiki una ukungu na hatari ya sumukuvu. Mahindi yakaushwe hadi unyevu wa asilimia 13.5 au chini yake kabla ya kuyalaza, na yakae juu ya vichanja. Wauzaji wa Kilombero na Mbuyuni wanaojua kazi hawalazi gunia chini hata wakati wa kiangazi. Mitumba iliyolowa maji safi inaokoka ikianikwa siku hiyohiyo. Iliyolowa maji ya mtaro ifuliwe kwa klorini kabla mtu hajaivaa. Wenye pembejeo, tafadhali: viuatilifu vikae rafu ya juu kabisa, kwa sababu vikichanganyika na maji hasara haibaki kwako tena, inakwenda kwenye visima vya watu na mifugo ya majirani.

Dawa na chanjo zinazotakiwa kukaa nyuzi 2 hadi 8 ni suala la umeme zaidi. Friji ikifungwa bila kufunguliwa hutunza baridi kama saa 4, friza iliyojaa hadi saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24. Weka kipimajoto ndani, na uwe umeshaongea na duka jingine au kituo cha afya chenye jenereta kabla umeme haujakatika.

Rafu ya chini kabisa iache tupu Machi hadi Mei. Inauma kuacha nafasi unayoilipia kodi, lakini nafasi hiyo ndiyo bei ya usalama wako. Na usisahau juu: gata zilizojaa majani na misumari ya bati iliyolegea huleta maji yanayoanguka moja kwa moja kwenye zile bidhaa ulizokwisha kuinua.

Viroba vya mchanga vinasaidia kweli?

Vinasaidia kwa maji ya chini yanayopita, si kwa mto uliovunja kingo. Tumia viroba imara, jaza kiasi cha nusu hadi theluthi mbili tu ili vilale na kushikana. Kiroba kilichojaa pomoni kinaacha matundu pembeni. Tandika nailoni nzito kwanza, ipande hadi kwenye mlango, kisha panga viroba kama fundi anavyopanga tofali, kila kimoja kikikalia kiungo cha viwili vya chini, ukivikanyaga vikae. Udongo wa kawaida unafaa ukikosa mchanga.

Watu huziba mlango wa mbele wakasahau choo. Mfumo wa majitaka ukizidiwa, maji hurudi kwa njia ya shimo la sakafu na choo, na hayo ndiyo machafu kuliko yote. Weka kiroba juu ya tundu la sakafu, na fundi bomba anaweza kukufungia vavu inayoruhusu maji kutoka bila kurudi.

Kama jengo ni lako, kizingiti cha zege cha sentimita 20 au 30 chenye mteremko mdogo pande zote mbili, ili hata mwenye kiti cha magurudumu apite, kina thamani kuliko viroba vya miaka kumi.

Umeme niufanyeje?

Soketi za chini zihamishwe juu kabla ya msimu, kwa mkono wa fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Swichi kuu ijulikane na kila mfanyakazi, pamoja na dada wa usafi. Maji yakikaribia kizingiti, zima swichi kuu ukiwa umesimama pakavu. Kama tayari umekanyaga maji au swichi iko juu ya maji, usiguse. Toka nje, piga simu TANESCO wakate kutoka kwenye nguzo.

Umeme ukirudi baada ya kukatika huweza kurudi na msukumo mkubwa, kwa hiyo chomoa friza, kompyuta na mashine za saluni mapema. Jenereta isiwashwe ndani ya fremu wala barazani mlango ukiwa wazi. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini, na kila mwenye stoo anayemlaza mlinzi ndani na jenereta inanguruma pembeni anacheza na uhai wa mtoto wa mwenzake.

Na makaratasi?

Leseni, mkataba wa pango, hati za bima, risiti za ununuzi, cheti cha mlipakodi. Piga picha zote, jitumie kwa barua pepe, mtumie na mtu mmoja unayemwamini anayeishi mtaa mwingine. Halisi ziweke kwenye mfuko wa plastiki unaofunga, juu. TRA inataka kumbukumbu zitunzwe angalau miaka 5, na "zililowa" si jibu zuri mbele ya ofisa wa kodi. Mashine ya EFD iondoke nawe jioni au ikae kabati la juu.

Daftari la madeni ndilo ninalolililia zaidi. Wauzaji wengi wadogo wana mtaji wao wote ndani ya daftari moja la mistari. Likilowa wino ukatoka, umepoteza fedha kuliko gunia tano za sukari, na hakuna bima ya hilo. Lipige picha kila Jumamosi, ukurasa kwa ukurasa.

Nina bima ya moto. Inalipa mafuriko?

Huenda hailipi. Bima ya moto ya kawaida hubeba moto na radi, na mafuriko, dhoruba na maporomoko huongezwa kama kipengele cha ziada kinacholipiwa. Soma hati yako utafute neno lenyewe, usitegemee alichosema wakala kwa mdomo. Kama hati ni ya Kiingereza, mwambie akueleze kila kinga na kila kilichoachwa, kisha umwandikie ujumbe wa kuthibitisha hayo, abaki na maandishi na wewe ubaki nayo.

Kuna mambo yanayowaumiza watu hata wakiwa na kinga hiyo. Bima ya mwenye jengo inalinda jengo, si mzigo wako. Bima iliyokatwa benki ulipochukua mkopo mara nyingi inalinda mkopo, kwa hiyo uliza kama mali yako imo. Na thamani uliyoandikisha ni lazima iwe ya kweli. Ukiwa na mali ya milioni 20, ukaandikisha milioni 10 ili ulipe kidogo, kisha maji yakaharibu ya milioni 4, kampuni ina haki ya kukulipa nusu, milioni 2, na hapo bado haijatoa kile kiwango ulichokubali kubeba mwenyewe. Wafanyabiashara huona wameonewa, lakini hesabu hiyo imo kwenye hati.

Nunua mapema. Kampuni haziko radhi kuuza kinga ya mafuriko wakati tahadhari imeshatangazwa. Hakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwamba hati yako imesajiliwa. Ukipata hasara toa taarifa mara moja, siku hiyohiyo ukiweza, na usitupe mali iliyoharibika kabla mkaguzi hajaiona au hajakuruhusu kwa maandishi. Mkigombana, kuna TIRA na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Huhitaji kuanzia mahakamani.

Mauzo ya masika hushuka. Fedha nizipangeje?

Anza Januari. Weka kando fedha ya kodi ya pango, mishahara na marejesho ya mkopo ya mwezi mmoja na nusu, mahali ambapo hutaigusa. Kama una mkopo, ongea na ofisa mikopo kabla ya kuchelewa rejesho, maana anayekwenda kabla husikilizwa tofauti na anayetafutwa. Kwenye kikoba chenu, mfuko wa jamii mara nyingi unaangalia misiba na ugonjwa tu. Pendekezeni na mafuriko ya biashara, mkubaliane na kiwango, mwanachama akipatwa asiombe kama hisani.

Wakala wa fedha, gawa floti na taslimu zisikae zote kwenye droo moja ya chini.

Biashara yangu ni ya utalii.

Aprili na Mei ni msimu mfu, kambi nyingi hufunga na wapandaji mlima hupungua. Tumia utulivu huo: magari yaende gereji, mahema yaanikwe na kushonwa, magodoro yainuliwe. Wageni wachache watakaokuja waambiwe ukweli kuhusu barabara kabla hawajalipa, na mkataba useme nini kinatokea barabara ya hifadhini ikifungwa. Mgeni aliyeandaliwa hakasiriki.

Mzigo wangu unatoka Dar.

Barabara yetu inapita Chalinze, Segera, Same, na daraja moja likileta shida njiani huko, wewe unabaki na rafu tupu bila tone la mvua Arusha. Agiza bidhaa zinazotoka haraka wiki mbili kabla, zisizo za kuoza. Mwulize dereva, si ofisi ya usafirishaji, hali ya njia. Mkubaliane pia nani anabeba hasara turubai la lori likivuja, kwa sababu hili husahaulika mpaka siku linapotokea.

Ni wakati gani wa kufunga na kuwaruhusu wafanyakazi?

Mapema kuliko unavyotaka. Aprili 2024 hapa Arusha gari la shule lilisombwa na maji ya korongo na watoto wakafariki. Walikuwa wanakwenda shule asubuhi. Jiji zima lililia, na mwaka uliofuata bado kuna watu waliokuwa wanavuka makorongo yaleyale maji yakipita, ili wasichelewe kazini.

Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Ya sentimita 30 yanaelesha gari dogo, ya 60 yanabeba mengi ya magari yaliyobaki. Bodaboda haifikii hata hapo. Na maji ya korongo ni ya kahawia, huoni kama barabara bado ipo chini yake.

Kwa hiyo jua kila mfanyakazi anavuka wapi kurudi kwake. Binti anayekaa ng'ambo ya korongo aondoke wa kwanza, hata kama ndiye mwenye funguo. Mwambie kwa kinywa chako, mbele ya wenzake, kwamba siku ya mvua kubwa hatakatwa mshahara kwa kuchelewa. Asipolisikia kwako, atavuka. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, iwe kwenye simu ya kila mmoja.

Maji yameshaingia. Nianze wapi?

Subiri yatoke na umeme uhakikishwe umekatwa. Kabla ya kusogeza chochote, piga picha na video za kila pembe, alama ya maji ukutani, maboksi yenye majina ya bidhaa. Orodhesha mali kwa idadi na bei ya kununulia. Toa taarifa kwa kampuni ya bima, kisha kwa mwenyekiti wa mtaa ili hasara yako iingie kwenye taarifa ya kamati ya maafa. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 kamati hizo zipo kuanzia mtaa na kijiji hadi taifa. Watu wengi hukosekana kwenye orodha kwa sababu walikuwa wanafagia tope wakati wenzao wanaandikishwa.

Tope litolewe likiwa bichi. Likikauka utalichonga. Vaa buti na glavu, maana humo mna vioo, misumari na maji ya vyoo. Osha kwa sabuni kwanza, halafu jiki, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, milango ikiwa wazi, na usiichanganye na dawa nyingine ya choo. Jipsamu na mbao laminishi zilizonyonya maji zitolewe, hazitapona.

Chakula kilichoguswa na maji ya mafuriko kitupwe, hata cha mfuko uliofungwa. Najua ni maumivu kuona magunia yanakwenda dampo. Lakini unga uliokaushwa juani na kurudishwa sokoni ndio unaopeleka magonjwa nyumbani kwa wateja wako, na dawa zilizolowa ni hivyohivyo: ziripoti TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, usiziuze. Umeme usiwashwe mpaka fundi apime nyaya, hata kama ukuta unaonekana mkavu na jirani ameshawasha.

Jirani amejenga juu ya mtaro, au anamwaga kifusi kwenye korongo. Nifanye nini?

Zungumza naye kwanza, ukiwa na mtu mwingine wa mtaa, kwa heshima. Wengi hawajui maji yao yanaishia kwa nani. Ikishindikana, peleka malalamiko kwa maandishi na picha zenye tarehe kwa mwenyekiti wa mtaa na ofisi ya kata, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Mitaro ya mtaa ni jukumu la halmashauri, ya barabara za mjini na vijijini iko chini ya TARURA, ya barabara kuu ni TANROADS. Kingo za mito ni jambo la Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo mito yetu ya Arusha na Moshi inaangukia humo, pamoja na NEMC, baraza la mazingira la taifa. Andikeni kama wafanyabiashara wa mtaa mzima, saini nyingi kwenye barua moja, na mpeleke Januari au Februari, wakati mtambo wa kuzibua bado unaweza kuingia bila kukwama.